Kulinda Kisogo cha Kwotabeki: Jinsi ya Kucheza Nafasi ya Takeli wa Kushoto

Waswahili husema akupaye kisogo si mwenzio. Katika futiboli ya Kimarekani methali hiyo hugeuka juu chini. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia, akishapokea mpira na kuanza kurudi nyuma kumtafuta wa kumrushia, huuelekeza mwili wake upande wa kulia, bega la kushoto likitangulia mbele, na kwa sababu hiyo haoni kinachomjia kutoka kushoto na nyuma. Anayeachiwa kisogo hicho akilinde ni takeli wa kushoto, na hakuna mtu uwanjani ambaye kwotabeki humwamini zaidi bila kumtazama.

Mstari wa mbele wa timu yenye mpira una watu watano ambao kwa kawaida hawapokei pasi: senta katikati, ambaye huuanzisha mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake, gadi mmoja kila upande wake, na nje ya kila gadi, takeli. Jina hili linapotosha kidogo, kwa kuwa katika mchezo huu kutakeli ni kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, kazi ambayo takeli wa timu yenye mpira haifanyi mpaka mpira uwe umeporwa. Kazi yake ni kuzuia, tena kuzuia bila kukumbatia, bila kuvuta jezi na bila kumpa mpinzani kisogo chake mwenyewe. Mwongozo huu ni kwa anayeanza: kijana mrefu aliyehamia Marekani na kuambiwa na kocha wa shule asimame kushoto mwa mstari, mchezaji wa raga anayetaka kujaribu mchezo mwingine, au mtazamaji aliyechoka kuufuata mpira peke yake na anayetaka kujua yule mtu mkubwa wa pembeni anafanya nini. Katika maelezo yote nachukulia kwamba kwotabeki wako anatumia mkono wa kulia.

Thamani ya kazi hii ilionekana na watu wengi usiku wa tarehe 18 Novemba 1985, mjini Washington, katika mechi iliyorushwa na televisheni nchi nzima, pale Lawrence Taylor wa New York Giants alipomrukia Joe Theismann, kwotabeki wa timu ya Washington, kutoka nyuma na kumvunja mguu wa kulia. Theismann hakucheza tena. Taylor alikuwa na uzito na kasi kwa pamoja, na wavamizi wa aina yake, yaani wachezaji wa timu isiyo na mpira wanaomkimbilia kwotabeki ili wamwangushe, waliwafanya makocha waanze kumtafuta mtu wa kushoto mwenye mwili wa pandikizi la mtu na miguu ya mchezaji wa mpira wa kikapu. Watu wa namna hiyo ni wachache, na uchache una bei yake: mwaka 2021 Trent Williams wa San Francisco 49ers alitia saini mkataba wa miaka 6 ambao thamani yake ya juu ilitajwa kuwa dola milioni 138.

Ndani kwanza

Kabla ya kujifunza hatua yoyote, ichore picha hii akilini. Kwotabeki anayesimama yadi 5 nyuma ya senta tangu mwanzo, au anayerudi hatua tano au saba baada ya kupokea mpira, huishia takriban yadi 7 hadi 9 nyuma ya mstari wa mpira, na kwa kuwa yadi moja ni sentimita 91, huo ni umbali wa mita 6 hadi 8. Mvamizi wa ukingoni husimama nje ya bega lako la kushoto na ana njia mbili za kufika hapo. Njia ya ndani, ile iliyo kati yako na gadi, ni fupi na imenyooka. Njia ya nje ni tao, na kila hatua unayomlazimisha kuchukua kuelekea nje hulirefusha tao hilo. Katika ligi kuu ya NFL kwotabeki huuachia mpira baada ya sekunde mbili na nusu hadi tatu hivi. Mvamizi anayezunguka nje anaweza kuwa na kasi kuliko wewe na bado akachelewa, ilhali anayepita ndani hahitaji hata kuwa na kasi.

Kutokana na hesabu hiyo inazaliwa kanuni inayozitangulia nyingine zote: usipitwe ndani. Usijaribu kusimama kifua kwa kifua na mvamizi kama mabondia. Simama ndani yake kidogo, nusu yako ya nje ikikabiliana na nusu yake ya ndani, ili kila anapotaka kwenda kwa kwotabeki kwa njia fupi akukute wewe kwanza. Nje mwachie, lakini mwachie kwa masharti, yaani azunguke mbali huku mkono wako ukimsindikiza mpaka apite nyuma ya kwotabeki, ambaye kwa wakati huo atakuwa ameshapiga hatua moja mbele ndani ya boma ambalo nyinyi watano mmemjengea. Nimewaona vijana wengi wenye nguvu wakishindwa kazi hii kwa sababu moja tu, kwamba wanataka kushinda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Takeli mzuri huchagua upande atakaoulinda kwa roho yake yote, na ule mwingine anaukabidhi kwa umbali na saa.

Kusimama, kisha miguu

Panua miguu kidogo kupita upana wa mabega, na urudishe mguu wa kushoto nyuma kiasi cha vidole vyake kulingana na katikati ya unyayo wa kulia, au na kisigino chake ukiwa na nyonga ngumu. Kunja magoti, shusha nyonga, nyoosha mgongo, inua kifua. Uzito uwe zaidi kwenye upande wa ndani wa unyayo wa kulia, kwa sababu huo ndio mguu utakaokusukuma. Wengi husimama bila kugusa ardhi wakati wa pasi, na hushusha mkono mmoja chini timu inapotaka kukimbia na mpira. Lakini ukifanya hivyo kila mara bila kubadilisha, mvamizi atakusoma kama kitabu. Anatazama hata vidole vyako: ukiuegemea mkono ulio chini mpaka vifundo vya vidole vibadilike rangi, anajua unakuja mbele; ukiwa mwepesi mkononi na umeegemea nyuma, anajua ni pasi. Jizoeze kusimama kwa namna moja kwa kazi zote mbili.

Kuna kishawishi cha kusimama nyuma zaidi ya wenzako ili ujipe nafasi ya kuanza. Kanuni inataka uwe kwenye mstari, na kipimo chake ni kwamba helmeti yako ivuke mstari wa kufikirika unaopita kiunoni mwa senta; ukiwa nyuma ya hapo timu yako hupoteza yadi 5. Waamuzi huwa na vipindi vya kulifumbia jicho jambo hili na vipindi vya kulifuatilia kwa ukali, kwa hiyo tumia robo ya kwanza ya mechi kujua mwamuzi wa upande wako ni wa aina gani.

Mpira ukianzishwa, mguu wa kushoto unatangulia kwenda nyuma na nje kidogo, wa kulia unausukuma kisha unauvuta mwili ufuate, na mwendo huo hurudiwa haraka haraka kama mtu anayeteleza kinyumenyume. Miguu isikutane na wala isipishane, kwa kuwa katika sekunde ambayo visigino vinagusana huna msingi wowote, na mvamizi mzuri huingoja sekunde hiyo. Nyayo zibaki karibu na ardhi. Kichwa kisipande na kushuka. Fikiria umetwikwa kikombe cha chai juu ya helmeti na hutaki kuungua. Anayeruka-ruka huwa hewani wakati anapopaswa kuwa chini, na mtu aliye hewani hata mtoto humsukuma.

Kurudi huku kuna namna tatu zinazotosha kwa kuanzia. Ya kwanza ni kurudi karibu wima, moja kwa moja nyuma, ambayo hukupa muda wa kumsoma mvamizi aliyesimama mbali nawe, ingawa humpa yeye nafasi ya kuongeza kasi. Ya pili ni kurudi kwa pembe ya digrii kama 45, ambayo ndiyo ya kila siku. Ya tatu ni kumrukia mapema, hatua moja fupi kisha mikono, inayofaa pale pasi ni ya haraka na kwotabeki hatakaa na mpira. Joe Thomas, aliyecheza Cleveland Browns kuanzia 2007 hadi 2017, alikuwa bingwa wa kuzichanganya hizi kiasi kwamba mvamizi hakujua atakutana naye wapi, na ninaamini hiyo ni sehemu kubwa ya sababu iliyomwezesha kucheza majaribio 10,363 mfululizo (kila mpira unapoanzishwa ni jaribio moja) bila kukosa hata moja, mpaka msuli wa mkono ulipochanika mwezi Oktoba 2017.

Nyonga zako ni mlango wa boma, na kosa kubwa la wanaoanza ni kuufungua mapema. Wanamwona mvamizi anakimbia nje, wanaingiwa na hofu, wanageuza nyonga zote kumwelekea, na papo hapo njia ya ndani inabaki wazi kama lango la soko. Baki umeelekea mbele kadiri unavyoweza. Ruhusa ya kugeuka huja pale tu mvamizi anapofika usawa wa bega lako na hawezi tena kurudi ndani bila kusimama kwanza; hapo geuka, kimbia naye bega kwa ubavu, na umsukume apite.

Mikono na nanga

Miguu ikikufikisha mahali sahihi, mikono ina kazi ndogo. Ikikosea, hakuna mikono itakayokuokoa isipokuwa kwa kushika, na kushika ni yadi 10. Beba mikono mbele ya kifua, viwiko karibu na mbavu, vidole gumba vikielekea juu, na pigo lako litoke kifuani moja kwa moja, lisianzie kiunoni. Lenga sahani ya pedi za mabega kwa upande wa ndani, chini kidogo ya shingo. Anayeweka mikono yake ndani ya mikono ya mwenzake ndiye anayeongoza.

Jambo gumu ni wakati. Ukipiga mapema mno unajivuta mbele, kichwa kinapita vidole vya miguu, na mvamizi anakung'uta mikono yako na kupita huku ukiinamia nyasi. Ukichelewa, amekwisha kukufikia kifuani. Dawa yake ni kupiga kwa mkono mmoja mmoja. Tumia ule wa nje kumpima na kumchelewesha, huku wa ndani ukisubiri kuziba njia fupi, au onyesha mikono kana kwamba unapiga, uirudishe, umwache yeye apige hewa, kisha ndipo upige kweli. Wavamizi wengi wa siku hizi hujifunza kupiga mikono ya takeli kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo takeli anayetoa mikono kwa mtindo uleule mara zote anawapa chakula.

Usiku wa tarehe 30 Septemba 2007, Osi Umenyiora wa New York Giants, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria ambaye baadaye aliongoza shughuli za NFL barani Afrika, alimwangusha kwotabeki wa Philadelphia Eagles mara 6 katika mechi moja, na timu yake kwa jumla mara 12. Takeli wa kushoto wa kawaida wa Eagles alikuwa majeruhi na kijana aliyewekwa mahali pake alikuwa anaanza mechi kwa mara ya kwanza. Ukiitazama mechi hiyo leo utaona kijana akishindwa kwa kasi nje, kisha, kwa kuiogopa kasi hiyo, akikimbilia nje mapema mno na kupitwa ndani. Kosa la kwanza huzaa la pili. Ndiyo maana kocha mwenye busara humpa takeli mgeni msaada tangu jaribio la kwanza: taitiendi, yule wa mwisho wa mstari anayezuia na pia kupokea pasi, asimame kando yake, au mkimbiaji ampige bega mvamizi kabla ya kwenda kupokea pasi. Kuomba msaada huo si aibu.

Mvamizi akiona huwezi kupitwa kwa kasi, ataigeuza kasi yake kuwa nguvu na kukuingia kifuani ili akurudishe mpaka miguuni mwa kwotabeki. Hapa unatia nanga. Usijibu kwa kuegemea mbele. Shusha nyonga, nyanyua mikono yake kwa kuingiza yako chini ya kwapa au vifuani mwake, kisha ruka hatua fupi ya miguu yote miwili kwenda nyuma na uikite tena ardhini. Mara nyingi utahitaji kurudia mara mbili au tatu, ukipoteza nusu yadi kila mara, mpaka asimame. Kurudishwa yadi 2 na kusimama ni ushindi.

Akijizungusha kuingia ndani, usimfukuze kwa mikono, maana mikono itamshika mgongoni na mwamuzi atarusha kitambaa cha njano, ishara ya kosa. Mjibu kwa mguu wa kulia: urudishe nyuma na ndani kwa nguvu, uufunge mlango kwa mwili, na mkono wa kulia umngoje upande anakotokea. Wanaoanza hupenda kumtazama mvamizi machoni au mabegani, na hapo ndipo wanapodanganywa. Tazama sehemu ya chini ya namba iliyo kifuani mwake, karibu na kitovu, kwa sababu kitovu hakiwezi kwenda upande mmoja na mtu upande mwingine.

Wewe na gadi wako

Takeli wa kushoto huzungumzwa kana kwamba anaishi kisiwani peke yake, jambo ambalo ni kweli nusu. Kabla ya kila jaribio senta hutaja lainibeka (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa wapinzani) atakayehesabiwa kuwa wa katikati, na kutoka hapo kila mmoja anajua mtu wake au eneo lake. Ukikosa kusikia tangazo hilo, utamzuia mtu ambaye tayari ana mzuiaji huku mwingine akipita bila kuguswa. Muulize gadi wako kwa sauti. Afadhali wapinzani wasikie kuliko nyinyi wawili mkosane.

Mtego mkubwa zaidi ni pale wavamizi wawili wanapobadilishana njia: aliye mbele yako anamkimbilia gadi ghafla na kwa ukali, na aliyekuwa mbele ya gadi anazunguka nyuma yake kuja upande wako. Dalili ni hii: mvamizi wa ukingoni akiingia ndani mapema mno bila kukujali, kana kwamba hukuwapo, jua ana mwenzake anayekuja nyuma. Msukume kwa mkono wa kulia mpaka afike mikononi mwa gadi, kisha rudisha macho nje mara moja. Ili hilo liwezekane lazima wewe na gadi muwe katika kina kimoja. Ukiwa nyuma yake yadi moja na nusu, mtagongana au mtaacha pengo, na pengo hilo ndilo walilolipanga.

Ugenini kuna kelele. Katika viwanja kama cha Seattle sauti ya kwotabeki haifiki kwenye ukingo, na timu hutumia ishara: gadi humtazama kwotabeki, humgusa senta, senta hutikisa kichwa, na baada ya muda waliokubaliana mpira huanzishwa. Wewe uliye mbali zaidi lazima uutazame mpira kwa pembe ya jicho huku ukijua mvamizi anautazama pia, tena yeye haadhibiwi kwa kuwahi kama hakuvuka mstari wala kukushtua. Ukitikisika kabla ya wakati ni yadi 5. Kosa hili hutokana na woga zaidi kuliko uzembe, na tiba yake ni kuwa na uhakika wa hatua zako za kwanza mbili, ili usione haja ya kuiba muda.

Timu inapokimbia na mpira

Kuzuia kwa ajili ya mkimbiaji ni rahisi kueleza, na wengi huipenda kazi hii zaidi kwa sababu hapa wewe ndiwe unayeshambulia. Kwa mtu aliye mbele yako, hatua ya kwanza iwe fupi, kama sentimita 15, na ya pili iguse ardhi kabla hamjagusana, ili mwili usiwe umesimama kwa mguu mmoja wakati wa kishindo. Pedi zako ziwe chini ya zake. Mikono iingie chini ya kifua chake, nyonga zifuate, kisha endelea kupiga hatua fupi mpaka filimbi ilie. Mkimbiaji akielekezwa nje upande wako, hatua ya kwanza huwa ya pembeni na nyuma kidogo ili helmeti yako ifike bega la nje la mpinzani. Asipokuruhusu kumzunguka na akazidi kutanuka, usihangaike, endelea kumpeleka kwenye mstari wa pembeni, na mkimbiaji atakata ndani nyuma ya mgongo wako. Kazi ngumu kuliko zote ni pale mchezo unapokwenda kulia na wewe unatakiwa kumkata mtu aliye ndani yako anayekimbia na mchezo, kwa sababu unaanza ukiwa umekwisha kuchelewa. Hapo kasi ya hatua ya kwanza ni kila kitu.

Mara nyingine wewe na gadi mtamsukuma mtu mmoja kwa pamoja, kisha mmoja wenu atamwacha na kupanda kwa lainibeka. Usiwahi kuondoka. Lainibeka atakujia mwenyewe, lakini yule wa mbele akiachwa mapema ndiye atakayemkamata mkimbiaji nyuma ya mstari.

Kuhusu kushika, wengi hudhani ni marufuku kabisa kukamata jezi. Kwa utendaji, mwamuzi hukuacha kama mikono iko ndani ya upana wa mabega ya mpinzani na miguu yako inamfuata. Anarusha kitambaa anapoona jezi imevutika nje ya bega, mkono umemzunguka shingoni au kiunoni, au mpinzani amezuiwa kugeuka pale anapojaribu kukuacha. Kwa hiyo kanuni ya kushika ni kanuni ya miguu kwa jina lingine: anayeshika ni yule ambaye miguu yake imeachwa. Walter Jones wa Seattle Seahawks alianza mechi 180, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba aliadhibiwa kwa kushika mara 9 tu. Zaidi ya hapo, usimguse mtu usoni kwa mikono, usimpige magoti mtu ambaye mwenzako tayari amemshika juu, kwani hilo ni yadi 15 na linaweza kumaliza maisha ya mtu ya kimichezo, na wakati wa pasi ya mbele usivuke mstari wa mpira kwa zaidi ya yadi 1 katika NFL, au yadi 3 katika mchezo wa vyuo. Katika NFL mwenye namba kati ya 50 na 79 hapokei pasi mpaka ajitambulishe kwanza kwa mwamuzi.

Mwili na mazoezi

Matakeli wa NFL wengi wana urefu wa kati ya sentimita 193 na 203 na uzito wa kilo 136 hadi 155, na mikono mirefu huthaminiwa kwa sababu anayegusa kwanza ndiye anayeamua umbali. Jonathan Ogden, mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa na Baltimore Ravens katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL mwaka 1996, alikuwa na sentimita 206. Lakini urefu una gharama yake, kwani aliye mrefu lazima akunje magoti zaidi ili pedi zake zishuke, na asiyeweza kukaa chini kama mtu aliyekalia kigoda kisichokuwapo hawezi nafasi hii hata awe na misuli ya namna gani. Kijana asijilazimishe kula mpaka afike kilo hizo. Uzito uje baada ya miguu. Joe Thomas mwenyewe alipostaafu alipungua zaidi ya kilo 20, jambo linaloonyesha ni kiasi gani cha mwili ule kilikuwa vazi la kazi tu.

Anayedhani amechelewa kuanza na amtazame Jordan Mailata. Alikuwa mchezaji wa ligi ya raga nchini Australia, hajawahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani, Philadelphia Eagles walipomchagua katika raundi ya 7 mwaka 2018. Alikuja na sentimita 203, uzito wa zaidi ya kilo 150 na miguu iliyozoea kukimbia, na yaliyobaki alifundishwa hatua kwa hatua kwa miaka miwili kabla ya kuanza mechi yake ya kwanza. Mwezi Februari 2025 alikuwa takeli wa kushoto wa timu iliyotwaa Super Bowl, fainali ya NFL.

Mazoezi hayahitaji vifaa vingi. Chora mstari chini na uteleze kinyumenyume juu yake mita 10, mara kumi, huku mtu akikurekodi kwa simu ili uone kama kichwa kinapanda. Simama mbele ya mwenzako na umfuate kulia na kushoto bila kutumia mikono kwa sekunde tano tano. Mikono ikifungwa nyuma, miguu hujifunza ukweli. Piga ukuta kwa viganja ukiwa umekunja magoti, ukitafuta sauti moja kavu badala ya mbili. Walter Jones alikuwa akisukuma magari kabla ya msimu ili kujenga nguvu za nyonga, na ukitaka kumwiga, hakikisha kuna mtu kwenye breki. Mpira wa kikapu nao husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kumzuia mtu asipite kwenda golini ni kazi hii hii bila pedi.

Siku hizi wavamizi wakali hawakai upande mmoja. Katika Super Bowl ya 50, Februari 2016, Von Miller wa Denver Broncos alimharibia kazi Cam Newton, kwotabeki wa Carolina Panthers, akipitia zaidi upande wa kulia, na kwa kwotabeki wa mkono wa kushoto kama Tua Tagovailoa upande wa kisogo ni huohuo wa kulia. Jifunze basi kusimama pande zote mbili, ukikumbuka kwamba kila kitu hugeuka kama kwenye kioo na kwamba mwili huchukua wiki kadhaa kukubali.

Kabla ya mechi, tazama video ya mvamizi wako bila kuangalia mpira. Wengi wao wana mbinu moja wanayoiamini na nyingine moja wanayoitumia ile ya kwanza ikikataa. Ziandike kwenye daftari pamoja na mahali alipokuwa amesimama kabla ya kila moja. Akisimama mbali na wewe, anataka kasi ya nje. Akijisogeza karibu kwa nusu yadi katika jaribio la tatu, kati ya manne ambayo timu hupewa ili isogee yadi 10, huku yadi nyingi zikiwa zimebaki, anataka kifua chako au njia ya ndani, na pengine ameshakonyezana na mwenzake aliye mbele ya gadi. Mguse gadi begani, mwambie, kisha rudisha macho yako kwenye kitovu cha mvamizi na uusubiri mpira.